ALARM:1, ALARM:2 na ALARM:9 kwenye ruta ya CNC: usizime vikomo kabla hujasoma hii

Swali: Habari mtaalamu. Nimeunga ruta ya CNC mwenyewe, meza ya milimita 600 kwa 400, Z inapanda na kushuka milimita 70. Bodi ni Arduino Uno yenye CNC shield V3 (bodi ya juu inayobeba draiva za mota) na Grbl 1.1, programu inayoiendesha mashine. Nachonga vibao vya majina vya MDF na mninga. Ilikuwa inafanya kazi vizuri bila swichi za kikomo. Tangu nifunge swichi ni alamu juu ya alamu. Nikiipeleka homu (itafute swichi ili ijue sifuri yake), Z inapanda hadi inagonga juu, inaunguruma, kisha inatoa ALARM:9. Nikiifungua kwa $X na kuanza kazi, napata ALARM:2 papo hapo. Ikikubali kuanza, katikati ya kazi inakuja ALARM:1 na hakuna kitu kilichogusa swichi yoyote. Mwenzangu kaniambia niweke $20=0 na $21=0, yaani nizime vikomo vyote, nisahau. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize bado, ndugu fundi. Ukizima vikomo vyote alamu zitanyamaza kweli, lakini Z yako itabaki haijui juu ni wapi, na siku moja itaisukuma spindo (mota inayozungusha biti) hadi mwisho wa reli ukiwa umesimama nje unanunua chai. Habari njema ni kwamba unavyoviona kama visa vitatu, viwili kati yake ni kisa kimoja. ALARM:9 ndiyo inayozaa ALARM:2 yako. ALARM:1 ni jambo lake peke yake, na ni la umeme.

Tuanze na Z. Shield V3 ilichorwa enzi za Grbl ya zamani, wakati pini D11 ilikuwa ya swichi ya Z na D12 ilikuwa ya kuwasha spindo. Kuanzia Grbl 0.9 kazi hizo mbili zilibadilishana, kwa sababu D11 ina PWM (umeme wa mapigo unaodhibiti kasi) na D12 haina, na spindo ya kubadilishwa kasi inahitaji PWM. Programu ikabadilika, maandishi yaliyochapishwa kwenye bodi yakabaki yale yale. Kwa hiyo pale palipoandikwa Z+ na Z- si mahali pa swichi ya Z tena. Umeichomeka pale kwa kufuata maandishi, kama afanyavyo kila mtu, na Grbl inasubiri ishara kwenye D12, pini iliyoandikwa SpnEn. Itasubiri sana.

Hamisha waya wa ishara ya swichi ya Z uende SpnEn, na ule wa pili ubaki kwenye GND. Kama ulikuwa na relei ya spindo kwenye SpnEn, ihamie Z+, kisha iwashe kwa M3 S1000 ili PWM itoe volti kamili (hiyo 1000 ni thamani ya kawaida ya $30, angalia yako). Fanya hivyo kabla ya kuwasha spindo tena hata mara moja. Sababu ni hii: swichi ya kawaida wazi ikiwa kwenye D11, na D11 inatoa volti 5 za spindo, siku swichi itakapobonyezwa inaipeleka pini hiyo moja kwa moja GND. Kikomo cha pini moja ya ATmega328 ni miliampia 40. Pini ikiungua, Uno nzima itakuwa na tatizo ambalo utalitafuta wiki nzima kwenye mipangilio.

Ukishahamisha, usikimbilie kubonyeza homu. Weka spindo katikati ya meza, fungua sehemu ya kuandika amri na utume alama ya kuuliza peke yake. Grbl itajibu mstari kama huu:

<Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0>

Sasa bonyeza swichi ya Z kwa kidole, uishikilie, na utume tena alama ya kuuliza. Mwishoni lazima pajitokeze Pn:Z. Achia, itoweke. Fanya vivyo hivyo kwa X na Y. Swichi isiyoonekana hapa haipo, hata kama inalia "tik" vizuri namna gani. Na kama Pn:Z inaonekana wakati hujagusa kitu, ama $5 haifanani na aina ya swichi yako, ama, kwa swichi ya kawaida imefungwa, waya umekatika. Ukaguzi huu unamaliza nusu ya maswali ya homu ninayoletewa, na watu huuruka kwa sababu hauna kifaa cha kununua.

Homu ikianza, Z hupanda kwanza, kisha X na Y huenda pamoja. Kaa na mkono kwenye swichi ya umeme. Mhimili ukielekea upande usio na swichi, rekebisha $23 (mwelekeo wa homu), usiguse $3. $3 inageuza mwelekeo wa mashine nzima na vibao vyako vitatoka vimegeuka kama kwenye kioo. Ukipata ALARM:8, maana yake swichi ilipatikana lakini mashine ilipojivuta nyuma swichi haikuachia. Swichi ndogo za bei rahisi zenye ulimi mrefu huhitaji zaidi ya milimita 1 ambayo Grbl huja nayo. Weka $27=3. Na ule muungurumo wako wa Z kabla ya ALARM:9 una hesabu yake: Grbl hutafuta swichi kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa mhimili uliouandika kwenye $132. Kama hukuwahi kubadilisha $132, ni 200, kwa hiyo mota ilikuwa inajaribu kusukuma milimita 300 kwenye mhimili wenye 70. Ndiyo maana iliunguruma muda wote ule.

Hiyo 200 inatupeleka kwenye ALARM:2.

ALARM:2 haihusiki na swichi hata kidogo. Ni Grbl imesoma mstari wa jikodi (amri za mwendo zilizo kwenye faili), ikapiga hesabu, ikaona mahali inapotumwa pako nje ya eneo la mashine. Mimi huiita kikomo cha hesabu, kuitofautisha na kikomo cha swichi ambacho ni ALARM:1. Kwa kuwa ni hesabu tu, mashine inasimama taratibu na nafasi yake haipotei. Jambo moja linalochanganya: Grbl husoma mistari kadhaa mbele ya ule inaoutekeleza, kwa hiyo itasimama kabla ya kufika penye kosa. Mstari uliokuwa unachongwa wakati alamu inatokea hauna hatia. Kosa liko chini yake kidogo.

Hesabu yenyewe iko hivi. Baada ya homu, sifuri ya mashine ipo kulia, nyuma, juu kabisa, pale swichi zilipo. Kila mahali pengine kwenye meza ni namba hasi. X inatoka 0 hadi -600, Y 0 hadi -400, Z 0 hadi -70. Namba yoyote chanya ni nje ya mashine. Namba yoyote iliyo chini ya urefu ulioandika kwenye $130, $131 na $132 ni nje ya mashine pia.

Sasa tazama ulichokuwa unafanya. Homu ilishindikana, ukafungua kwa $X. Grbl haikujua iko wapi, kwa hiyo ilichukua mahali ilipowashwa kuwa ndiyo 0,0,0, yaani kona ya mwisho kabisa kulia, nyuma na juu. Kisha faili lako likasema, kama mafaili yote yanavyosema mwanzoni, panda hadi urefu wa usalama. Kupanda kutoka sifuri ni kwenda kwenye chanya. ALARM:2, kabla hata spindo haijazunguka. Mara chache ilipokubali kuanza, bila shaka ulikuwa umeisogeza kwa vitufe vya kompyuta kwenda chini, mbele na kushoto baada ya kuiwasha, ikapata nafasi ya hesabu kwa bahati. Ukiweka Z sawasawa na homu ikakamilika, sehemu kubwa ya ALARM:2 zako itaondoka yenyewe.

Haitaondoka yote. Kwanza zile 200. Grbl inakuja na 200 kwenye mihimili yote mitatu, na meza yako ni 600 kwa 400. Peleka homu, kisha sogeza X taratibu kuelekea upande wa pili hadi kibebeo kikaribie kugonga, soma MPos (nafasi ya mashine), punguza milimita 2 au 3, namba hiyo iandike bila alama ya hasi kwenye $130. Hivyo hivyo kwa Y na Z. Kikomo cha hesabu ukizime kwa $20=0 unapopima, la sivyo hakitakuruhusu kupita 200, utapata error:15 kila unapojaribu kusogeza. Ukimaliza kirudishe.

Pili, Z na mbao nene. Hapa ndipo wachongaji wa mninga huumia kuliko wa MDF. Tuseme umefunga ubao wa milimita 45 juu ya meza, biti imegusa uso wa ubao, ukaweka sifuri ya kazi hapo. Soma MPos: Z inaonyesha -6.4. Maana yake zimebaki milimita 6.4 tu kabla ya kugonga juu. Faili linasema G0 Z15. Jumlisha: -6.4 na 15 ni 8.6, chanya, nje ya mashine. Hakuna kilichoharibika hapo. Punguza urefu wa usalama kwenye programu ya kuchora uwe milimita 4, au ipandishe biti ndani ya koleti (kishikio chake) ili itokeze kidogo, au toa ubao wa chini. Hesabu hiyo ya mstari mmoja ifanye kila unapobadilisha unene wa mbao.

Tatu, X. Kibao cha milimita 540 kinaingia kwenye meza ya 600 bila shida, ila kama umeweka sifuri ya kazi kona ya kushoto mbele pakiwa na MPos ya -520, basi -520 na 540 ni 20, umetoka nje kulia. Kisogeze kibao kushoto hadi -580 na kazi itaishia -40. Ukitaka kujua sifuri yako ya kazi iko wapi bila kusogeza chochote, tuma $# na usome mstari wa G54.

Kuna na G28. Baadhi ya programu za kuandaa jikodi huandika G28 mwanzoni au mwishoni mwa faili, kwa nia ya kupandisha biti. Kama hujawahi kuihifadhia nafasi, G28 huenda 0,0,0 ya mashine, yaani penye swichi penyewe, na hapo utapata ALARM:1 halali kabisa mwisho wa kila kazi nzuri. Dawa ni fupi: peleka homu, na mashine ikishajivuta nyuma kwenye -3, tuma G28.1. Nafasi hiyo inaingia kwenye kumbukumbu ya kudumu na G28 itaishia hapo daima.

Sasa ALARM:1, ambayo ndiyo ngumu.

Kwanza hakikisha ni ya uongo. Ikitokea, usiguse kitu, angalia mashine ilipo. Spindo ikiwa katikati ya meza na hakuna swichi iliyobonyezwa, hiyo ni kelele ya umeme. Spindo ikiwa imegusa swichi, alamu ni ya kweli na tatizo ni hatua zilizopotea, nitalisema baadaye. Kisha endesha faili lile lile hewani, spindo imezimwa. Likifika mwisho, rudia spindo ikiwa imewashwa bila kukata. Kisha washa na mashine ya kuvuta vumbi. Alamu itakayojitokeza kwenye hatua ya pili au ya tatu imekutajia mkosaji.

Kwa nini kelele ndogo hivyo inaisimamisha mashine? Kwa sababu kikomo cha swichi kwenye Grbl hakiulizi swichi iko katika hali gani. Pini ikibadilika tu, hata kwa muda mfupi usioweza kupimwa na multimita, mashine inakatwa pale pale. Waya wako wa swichi ya kawaida wazi unaning'inia mita moja na zaidi kandokando ya waya wa spindo, umeshikiliwa juu na rezista ya ndani ya Uno tu, ambayo ni kati ya kilo-omu 20 na 50. Huo ni antena. Mota ya brashi inarusha cheche, antena inapokea, Grbl inasimama.

Ningekuwa wewe ningebadilisha swichi zitumie mguu wa NC (kawaida imefungwa) badala ya NO (kawaida wazi). Swichi ndogo zina miguu mitatu, COM, NO na NC, hivyo hununui kitu, unahamisha waya mmoja tu kwa kila swichi. Kwenye NC pini inakuwa imefungwa GND muda wote, na kelele haina nguvu ya kuinyanyua kirahisi. Zaidi ya hayo, waya ukikatika mashine inasimama, wakati kwenye NO waya ukikatika hutajua hadi siku ya kugonga. Baada ya kuhamisha weka $5=1.

Mitego ya NC ni miwili. $5 inageuza mihimili yote kwa pamoja, huwezi kuacha X ikiwa NO na Y ikiwa NC. Mhimili usio na swichi utaonekana umebonyezwa daima, labda uunganishe pini yake na GND kwa kipande cha waya. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu uko kimya. Kwenye shield, X+ na X- ni pini moja, D9. Ukiweka swichi ya kushoto kwenye X- na ya kulia kwenye X+, zote NC, moja ikifunguka ya pili bado inaishikilia pini GND. Hakuna alamu itakayotoka milele. Swichi mbili za NC za mhimili mmoja lazima ziwe kwenye mfuatano: waya unapita ya kwanza, unaingia ya pili, ndipo unarudi kwenye tundu moja tu. Irudie ile kazi ya kidole na alama ya kuuliza kwa kila swichi, si kwa kila mhimili.

Kisha chujio. Choma kapasita ya nanofaradi 100 (ile iliyoandikwa 104) kati ya ishara na GND, upande wa bodi, si upande wa swichi. Ongeza rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya ishara na volti 5. Vikiwa pamoja vinachelewesha ishara kwa chini ya milisekunde moja, muda ambao kwa mashine ya mwendo wako si kitu, lakini kwa cheche za mota ni mrefu sana. Waya za swichi zisokote mbili mbili, zipite njia yake, zisilale pamoja na za spindo wala za mota. Ukitumia kebo yenye ngao, ngao ifungwe GND upande wa bodi peke yake. Bomba la plastiki la kuvuta vumbi la MDF linajijaza umeme tuli, hasa siku kavu. Pitisha waya mtupu ndani yake na uufunge kwenye ethi ya nyumba.

Baada ya ALARM:1, kubonyeza kufungua hakutoshi. Grbl inasubiri kuwekwa upya kwanza, yaani Ctrl-X au kitufe cha kuanzisha upya kwenye programu yako, ndipo $H (amri ya homu) ikubali. Na usiridhike na $X hapa: mashine imekatwa ghafla bila kupunguza mwendo, nafasi iliyo nayo haiaminiki. Kama imesimama juu ya swichi, hata kuiachia swichi ni badiliko la pini na linaweza kuzaa alamu nyingine. Zima umeme uzungushe skrubu kwa mkono, au weka $21=0 kwa dakika hiyo tu, usogee, urudishe 1.

Kama alamu ni ya kweli, yaani swichi imeguswa huku hesabu zote ziko ndani, mashine haiko inapodhani iko. Kaza skrubu ndogo za kubana kwenye kapilingi za mota, hizo hulegea kuliko kitu kingine chochote. Gusa draiva kama zinachemka. Agiza mwendo wa milimita 100 na upime kwa rula. Ukipata 200, huenda ulibadilisha DRV8825 kwa A4988: jampa zote tatu zikiwa mahali pake, ya kwanza inagawa hatua moja mara 32, ya pili mara 16, na $100 (hatua kwa milimita) ya zamani haifai tena.

Umeme ukikatika katikati ya kibao, Grbl itawaka imejifunga na kudai $H. Mpe. Sifuri ya kazi iliyowekwa kwa G10 L20 P1 inabaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo baada ya homu unaweza kuendelea pale pale ubao usipoguswa. Iliyowekwa kwa G92 inapotea, na baadhi ya programu za kutumia jikodi hutumia G92 bila kukuambia. Hakiki yako kwa $# kabla ya siku ya giza.

Kuhusu ushauri wa mwenzako, nusu yake naikubali. Kwa ruta ndogo ya mota dhaifu, ukiniambia nichague, nitabaki na homu na kikomo cha hesabu, $22=1 na $20=1, na $21 nitaiacha 0 hadi waya na kapasita zikamilike. Kikomo cha hesabu kinazuia kosa kabla halijatokea, cha swichi kinalikamata likiwa limeshatokea. Lakini $20 bila homu haina maana, na Grbl yenyewe itakataa kwa error:10 ukijaribu.

Ukifanya yote na bado inasumbua, nitumie matokeo ya $$ na ya $#, mstari wa alama ya kuuliza uliopigwa mara tu alamu ilipotoka, mistari kumi ya kwanza ya faili, na picha ya nyuma ya shield waya zikiwa zinaonekana. Kwenye hiyo mistari kumi angalia mwenyewe kwanza kama kuna G20, maana hapo vipimo vyako vyote vinasomwa kuwa inchi.